Mzee ana maduka matatu, watoto sita, hana wosia. Tuanzie wapi?

Kifungua_Mimba: Wadau, hamjambo. Mzee wetu ana miaka 74 na maduka matatu ya vifaa vya ujenzi: Kariobangi, Kayole na Ruiru. Jina la biashara, akaunti ya benki, tili ya M-Pesa (namba ya kupokea malipo ya wateja) na hati za viwanja, vyote viko kwa jina lake. Mama mkubwa ana watoto wanne, mama mdogo wawili. Hatutaki kuishia kama Tuskys, supamaketi za familia ambako ndugu waligombana.

Mirathi_Milimani: Pole na heko kwa kuuliza mapema. Jina la biashara si mtu mbele ya sheria. Mzee akifariki, akaunti inafungwa, na atakayegusa mali kabla ya mahakama kumpa usimamizi wa mirathi anavunja kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi ya Kenya. Ombi hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi, pingamizi siku 30, kisha kwa kawaida miezi 6 kabla ya hati kuthibitishwa. Hiyo ni iwapo hakuna aliyepinga. Saruji huganda ghalani mkiwa bado mnasubiri.

Kwa hivyo sajilini kampuni binafsi kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Mzee ahamishie humo bidhaa na madeni, mfungue akaunti yenye watia sahihi wawili. Akifariki, hisa zake ndizo zitakazorithiwa. Kampuni itaendelea kuuza.

Kisha wosia, mashahidi wawili. Mrithi asiwe shahidi, la sivyo mtahitaji wengine wawili wasiorithi. Na asiachwe nje mke wala mtoto yeyote, maana kifungu cha 26 kinamruhusu kwenda kortini. Bila wosia, kifungu cha 40 huhesabu watoto wa kila nyumba na kumwongeza mama aliye hai: nyumba ya kwanza sehemu 5, ya pili 3. Waambieni wote hesabu hiyo sasa, mzee akiwepo.

Daftari_Safi: Mimi naogopa zaidi mkifungua duka la nne. Nakumatt, kampuni ya supamaketi, iliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe. Ilikuwa imepanuka kwa pesa za kukopa. Mteja hulipa leo, msambazaji husubiri siku 60 au 90; pesa hiyo inafanana na faida lakini si yenu. Ukiijengea tawi, ankara hufika kabla tawi halijarudisha kitu, wasambazaji wanakata mzigo, rafu zinabaki tupu. Kila Jumamosi andikeni deni la wasambazaji, pesa benki, na bidhaa zitakazouzika ndani ya siku 30. Deni likizidi hivyo viwili, msifungue tawi.

Kifungua_Mimba: Asanteni. Na hisa, tugawane sawa? Wawili tu ndio wanaofanya kazi dukani.

Mirathi_Milimani: Sawa inawezekana, mradi kuwe na mlango wa kutokea. Joram Kamau alipofariki 2002 aliwaachia watoto Tuskys, na baadaye ndugu wakafikishana kortini. Andikeni mkataba wa wenye hisa: anayetaka kutoka auzie ndugu kwanza, bei ikadiriwe na mhasibu wa nje, alipwe kwa awamu za miaka 3. Anayefanya kazi apate mshahara. Gawio ni la wote. Wekeni mkurugenzi mmoja asiye wa ukoo, kura yake ivunje sare.

Kifungua_Mimba: Na tili ya mzee?

Daftari_Safi: Ombeni mpya kwa jina la kampuni, mbadilishe vibandiko kwenye kaunta zote tatu siku moja. Karo isilipwe kutoka humo.