Mama na mifupa: dripu ya mwaka au sindano ya miezi 6?

BintiTanga
Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Mama yangu ana miaka 71. Aliteleza uani, akavunjika kifundo cha mkono, na kipimo kikaonyesha mifupa imedhoofika sana. Daktari katupa njia mbili: dripu ya asidi ya zoledroniki mara moja kwa mwaka, au sindano ya denosumabu kila miezi 6. Mama anaogopa maudhi ya dawa kuliko anavyoogopa kuvunjika tena. Mliotumia, naomba mtuambie mlichokiona.

BiMkubwa_Mvita
Marahaba mwanangu. Mie nishatundikiwa dripu hiyo mara tatu. Ya kwanza haikufika nusu saa, nikarudi nyumbani nikapika kama kawaida. Usiku ndipo nilipoanza kutetemeka, homa, maungo yote kama niliyetwangwa kinuni. Nikadhani malaria, nikapimwa, hamna. Siku ya tatu nikaamka mzima. Mwaka uliofuata nilikunywa maji mengi tangu asubuhi na parasetamo nikaimeza mapema. Nilichoka nusu siku tu. Ya tatu sikuhisi kitu. Mwambie mama asije akaikataa kwa sababu ya ile ya kwanza.

BabaSalma_Muscat
Mke wangu figo zake hazikuruhusu dripu, kwa hiyo yuko kwenye denosumabu mwaka wa nne sasa. Anachomwa chini ya ngozi ya tumbo, dakika moja, homa hapati. Kilichomsumbua ni ngozi kuwasha mikononi. Lakini dada, sikiliza hili. Shemeji yangu alikuwa kwenye dawa hiyohiyo, akajiona mzima, akaacha bila kumwambia daktari. Haukupita mwaka, pingili mbili za mgongo zikavunjika akiwa anainua ndoo. Leo hawezi kusimama muda mrefu. Sindano hii ukianza, tarehe ni tarehe.

Nesi_Moro
Alichosema BabaSalma ndicho ninachowasisitizia wagonjwa kila siku. Denosumabu huzifunga breki chembe zinazomomonyoa mfupa. Ikiisha nguvu, chembe hizo huamka kwa kasi kuliko mwanzo. Sindano isichelewe kupita miezi 7 tangu ya mwisho, na kama ni lazima kuacha, daktari aandae dawa ya kushika nafasi yake, mara nyingi ni hiyohiyo dripu. Zoledroniki yenyewe hubaki mfupani muda mrefu, kwa hiyo kuchelewa kidogo hakuleti balaa kama hilo.

Kabla ya yoyote kati ya hizo, apimwe figo, kalsiamu na vitamini D. Kalsiamu ikishuka, midomo na vidole hufa ganzi, misuli hukaza. Hapo arudi hospitali siku hiyohiyo. Wenye figo zilizochoka sana ndio walio hatarini zaidi kwa denosumabu. Mwaka 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali juu yao, hasa wanaosafishwa damu. Na akipata maumivu ya paja au kinena yasiyo na sababu, aseme, asivumilie.

Mjomba_Kigoma
Mimi nilipewa teriparataidi, dawa nyingine ya mifupa, najichoma mwenyewe kila siku, mikrogramu 20. Kizunguzungu nikisimama ghafla, na miguu kukaza usiku. Inataka friji, na huku umeme ndio huo. Bei sitaki hata kuitaja.

Nesi_Moro
Nimesahau meno! Dripu na denosumabu, zote mbili, kwa nadra, zinaweza kufanya mfupa wa taya ushindwe kupona baada ya kung'oa jino. BintiTanga, mama ana jino bovu?

BintiTanga
Asanteni sana. Nimemsomea yote, mkono wake ukiwa bado kwenye hogo. Figo zake zilipimwa, ziko sawa. Amesema homa ya siku tatu ataimudu, ila kufunga safari ya hospitali kila miezi 6 bila kukosa, na mimi sikai naye, hajiamini. Kwa hiyo tunaelekea kwenye dripu. Lakini lipo gego linalomsumbua tangu Ramadhani. Jumatatu tunaanza kwa daktari wa meno.