Saa Yangu Inasema Kilomita 21.43

Kikundi: UKOO WETU, Jumapili

Mimi, saa 4:05 asubuhi
Shikamooni wazee wangu, na wadogo zangu hamjambo. Nimefika nyumbani salama. Mbio za leo zilianzia Viwanja vya Farasi, Oysterbay, saa kumi na mbili asubuhi, zikazunguka Masaki, zikafuata Barabara ya Toure kando ya bahari, zikavuka Daraja la Tanzanite hadi upande wa Upanga, kisha zikarudi zilikotoka. Nimemaliza nusu marathoni kwa saa 2 na dakika 18. Picha ya medali nitaituma simu ikishapata chaji.

Mjomba wa Mbagala, saa 4:21
Marahaba, mpwa wangu, na hongera sana. Hata hivyo, kijana mmoja wa klabu yetu ya jogging amenitumia orodha ya matokeo, na mbele ya jina lako naona 2:21:40. Wewe unatuambia 2:18. Hizo dakika tatu na ushei zimekwenda wapi? Nauliza kwa nia njema tu, maana enzi zetu za shule saa ilikuwa moja, ya mwalimu wa michezo, na hakuna aliyebishana nayo.

Mimi, saa 4:30
Mjomba, orodha hiyo ina safu mbili za muda, na nadhani aliyekutumia picha ameikata pembeni. Safu ya kwanza inahesabu tangu king'ora kilipolia. Ya pili inahesabu tangu mimi mwenyewe nilipokanyaga mkeka wa kuanzia, kwa sababu nyuma ya namba ya kifuani kuna chipu ndogo ambayo mkeka huo huisoma mkimbiaji anapopita. Nilijipanga nyuma kabisa, pamoja na akina mama waliokuwa wanapiga soga na vijana ambao hawajamaliza kupiga picha, kwa hiyo hadi msongamano ule ulipotufikisha kwenye mstari dakika zenyewe zilikuwa zimekwisha. Huo ulikuwa muda wa kusimama.

Mjomba wa Mbagala, saa 4:38
Basi kwa hesabu hiyo, mtu aliyejipanga nyuma anaweza kumshinda aliyefika kabla yake! Mbona Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu wa marathoni, hakuhesabiwa hivyo? Kwenye mashindano ya dunia pale Tokyo mwaka 2025 yeye na yule Mjerumani, Amanal Petros, waliandikiwa muda uleule, 2:09:48, na ikabidi itazamwe picha ya mstari wa mwisho ndipo ithibitike kuwa Mtanzania ametangulia kwa sekunde 0.03. Sikusikia mtu akiuliza nani alikanyaga mkeka wa kuanzia saa ngapi.

Mimi, saa 4:44
Ndivyo inavyotakiwa, Mjomba. Kwa wanaoshindania nafasi, kanuni za riadha hutambua muda wa tangu mbio zilipoanzishwa, na mshindi ni yule ambaye kiwiliwili chake kimetangulia kuvuka mstari. Dhahabu ile, ambayo ni ya kwanza kwa Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha, isingeamuliwa kwa chipu. Sisi wa nyuma ambao hakuna anayetungoja na bahasha ya zawadi, safu ya pili ndiyo inayotuambia tumekimbiaje.

Mama, saa 4:46
Na magoti?

Mimi, saa 4:47
Magoti hayana neno, Mama. Ukucha mmoja tu wa mguu wa kulia umeanza kuwa mweusi.

Mdogo wangu, saa 5:02
Dada, mimi nimeona jambo jingine. Kwenye programu yako ya mazoezi saa imeandika kilomita 21.43, ilhali nusu marathoni ni kilomita 21.0975. Rafiki zangu wawili waliokimbia leo nao wamepata zaidi ya 21.3, na sasa hivi wanasema waandaaji wamekosea njia, jambo ambalo kwa maoni yao limewaharibia muda wao bora.

Shangazi wa Tabata, saa 5:06
Mimi sielewi mnacholalamikia. Mchuuzi akikuongezea fungu la dagaa, utamrudishia? Mmelipa kiingilio cha kilomita 21, mmepewa na nyongeza.

Mimi, saa 5:20
Shangazi, shikamoo, umenichekesha hadi mbavu zinauma, nazo zilikuwa zinauma tayari. Ila saa ya mkononi siyo shahidi wa kutegemewa katika shauri hili. Njia ya mbio inayopimwa kwa utaratibu wa kimataifa hupimwa kwa baiskeli yenye kifaa kinachohesabu mizunguko ya gurudumu la mbele, baada ya kifaa hicho kulinganishwa na kipande cha barabara kilichopimwa kwa futi ya chuma. Mpimaji hufuata mstari mfupi kuliko yote, akikata kona kwa umbali wa sentimita 30 tu kutoka ukingoni, kisha huongezwa mita 1 kwa kila kilomita ili njia isije ikaonekana fupi ikipimwa tena. Peke yake, nyongeza hiyo ni kama mita 21 katika nusu marathoni.

Sasa nifuateni mimi. Nilikuwa nikiwapita watu kwa kuwazunguka, nikivuka barabara kwenda kwenye meza za maji, na kwenye kona za Masaki nilikaa upande wa nje palipokuwa na kivuli cha miti. Juu ya hayo, saa hukisia mahali nilipo kwa mawimbi ya setilaiti, na kila kosa dogo la kukisia hugeuka pindapinda inayorefusha safari. Kwa hiyo mita mia tatu za ziada hazithibitishi kuwa waandaaji wamekosea. Wala hazithibitishi kuwa wamepatia, maana kwenye tangazo lao sikuona popote palipoandikwa kuwa njia imepimwa na nani. Hilo ndilo ningependa wakimbiaji walidai, badala ya kuonyeshana saa.

Mjomba wa Mbagala, saa 5:31
Hapo nimekuelewa. Lakini kwenye daraja hapana kona wala majengo, na nimeona kwenye ramani yako kuwa ndipo ulipopunguza kasi kuliko mahali pengine popote. Ulichoka?

Mimi, saa 5:45
Nilipunguza kwa makusudi, Mjomba, na ni wakati wa kurudi tu. Tulipokuwa tunaelekea Upanga upepo wa kusi ulitupiga usoni, watu wakaulalamikia, lakini mimi niliufurahia kwa kuwa ulikuwa unakausha jasho. Tulipogeuka, upepo uleule ukaja mgongoni kwa kasi inayokaribiana na yetu, na hapo hewa ikawa kama imesimama. Katika mji wenye unyevu kama huu wetu, jasho linalodondoka chini bila kukauka halipozi mwili hata kidogo, na daraja lile lina urefu wa zaidi ya kilomita moja pasipo kivuli chochote. Waliodhani upepo wa mgongoni ni msaada walikaza mwendo, na wengi wao niliwakuta Barabara ya Toure wakitembea huku wameshika viuno.

Shangazi wa Tabata, saa 5:50
Ndiyo maana nasema kila siku, mnywe maji mengi.

Mimi, saa 5:58
Ni ya kiasi, Shangazi. Anayekunywa kupita kiu kwa saa mbili tatu, huku chumvi inatoka na jasho, anaweza kuizimua chumvi iliyomo kwenye damu hadi akaugua vibaya. Hata hivyo, leo hatari hiyo haikutufikia wa nyuma, kwa kuwa kituo cha mwisho cha maji tulikikuta na makatoni matupu. Jambo hili linaniudhi kuliko umbali wa njia. Anayemaliza kwa saa moja na robo hukimbia karibu mbio zote kabla jua halijawa kali. Anayemaliza kwa saa tatu ndiye anayechomwa nalo, halafu ndiye anayekosa maji. Kiingilio ni kilekile.

Mama, saa 6:01
Wakati mwingine ubebe chupa yako.

Mdogo wangu, saa 6:04
Dada, mimi naweza kuanza na kilomita 5? Sina raba za kukimbilia, nina zile za shule.

Mimi, saa 6:07
Unaweza. Jumamosi saa kumi na moja na nusu alfajiri nipitie, tutakwenda polepole kiasi cha kuweza kuzungumza. Raba tutazitazama soko la Karume mchana wake, mguuni, si kwa picha.

Mjomba wa Mbagala, saa 6:15
Wakati ninyi mnakwenda Karume, mimi nitapima njia yetu ya jogging kwa baiskeli. Tumekuwa tukiiita kilomita 10 kwa miaka mingi na sasa nimeingiwa na shaka. Nani ana futi ya chuma, ile ndefu?

Shangazi wa Tabata, saa 6:17
Fundi anayejenga uzio wangu anayo ya mita 30. Nitamwomba, ila Jumatatu asubuhi iwe imerudi, na isirudi na mchanga.