Breki ya mbele inajishika yenyewe baada ya kufungua kalipa nyumbani. Nisaidieni kabla ya Jumatatu

Kijana_Kiboswa (mwanzisha uzi)
Wadau, habari za jioni. Nina pikipiki ya Pulsar, breki ya mbele ni ya diski. Kwa muda sasa leva ilikuwa inazama polepole nikiishikilia, na kalipa, ile sehemu yenye pistoni inayobana pedi kwenye diski, ilianza kulowa upande wa pistoni. Nikaamua kuifungua mwenyewe hapa nyumbani. Nimetoa pistoni, nimesafisha kila kitu, nimerudisha, nimejaza mafuta mapya na kutoa hewa. Leva ikawa ngumu, safi kabisa.

Shida ilianza siku iliyofuata. Nikienda mwendo kidogo, breki inaanza kujishika yenyewe. Pikipiki inakuwa nzito kama nimebeba gunia la mahindi, na diski inachemka hadi ukiinyunyizia maji inatoa mvuke. Nikisimama ikapoa, inaachia. Nifanye nini? Jumatatu asubuhi naihitaji, na safari hiyo haiahirishwi.

Mwalimu_wa_Mbale
Mulembe ndugu yangu. Swali langu ni moja: kwa nini mtu afungue breki nyumbani wakati mafundi wapo? Taa ikikosea utatembea gizani ufike. Breki ikikosea hakuna marudio. Juni 2023 pale makutano ya Londiani lori moja liliua watu zaidi ya 50, wengi wao wakijitafutia riziki kando ya barabara. Sisi watu wa huku barabara zetu ni milima na masoko. Ukicheza na breki unacheza na mama mboga aliyekaa chini ya mteremko, ambaye hata hakujui. Naomba uipeleke kwa fundi, na uzi huu ufungwe.

Fundi_Bondeni
Mwalimu, kufungua kalipa nyumbani si dhambi, ni kazi ya utaratibu. Mimi niko Nakuru na kalipa nyingi ninazofungua zimeharibiwa na mafundi wa kulipwa. Kijana, nijibu haya kwanza.

Ulitoaje pistoni? Ule mfereji ndani ya kalipa ambamo raba inakaa, uliusafisha? Pini za kutelezea zinatembea kwa mkono au zimekwama? Raba ni mpya au zile za zamani? Na ulijaza mafuta gani?

Halafu fanya jaribio hili: breki ikishajishika, legeza nipo ya kutolea hewa kidogo tu. Gurudumu likiachia papo hapo, presha imenaswa ndani ya mfumo. Lisipoachia, kilichokwama ni pistoni au pini.

Dereva_wa_Salgaa
Breki kujishika ni afadhali kuliko kutoshika. Mimi nimepeleka lori Malaba kabla hujazaliwa. Ule mteremko wa Sachang'wan kwenda Salgaa ulitumaliza kwa sababu ya ujinga wa kuweka fri ili kubana dizeli. Mtu anatoa gia juu kabisa, lori linashuka kwa uzito wake, breki peke yake ndiyo inazuia tani zote hizo. Ngoma zinachemka, ukikanyaga mara ya mwisho unakanyaga hewa. Turn boi (utingo) wangu wa wakati huo alikuwa na tabia ya kufungua mlango na kukaa mguu nje, tayari kuruka. Siku moja nikamwuliza, sasa wewe ukiruka, mimi niruke na nani? Hakurudi kazini.

Kijana, shuka na gia. Hilo ndilo nililokuja kusema.

Mama_Spea_Kibuye
Vijana wangu, mnanichosha. Mtu anakuja dukani ananiambia "nipe raba za breki za Pulsar." Pulsar gani? Kuna za miaka mingi na kalipa hazifanani. Njoo na ile raba ya zamani au njoo na pistoni yenyewe tupime. Kila pistoni ina raba mbili: ya ndani nene, ya kuzuia mafuta, na ya nje nyembamba, ya kuzuia vumbi. Wengi wananunua moja ili wabane pesa, halafu wanarudi kunigombeza.

Kijana_Kiboswa
Asanteni. Fundi, pistoni niliitoa kwa kupampu leva kabla ya kufungua hosi, ikatoka taratibu, nilikuwa nimeweka kitambaa. Mfereji nilisafisha kwa mswaki na kijiti cha mbao, kulikuwa na ukoko mweupe mgumu. Pini zinateleza, nimepaka grisi ya silikoni. Raba ni mpya, zote mbili. Pistoni haina kutu.

Jaribio la nipo nilikuwa nimeshalifanya. Ukilegeza, linaachia hapo hapo. Kwa hiyo nimepata suluhisho la muda: natembea na spana namba 8 mfukoni. Ikijishika nasimama, nalegeza, natoa matone mawili, nakaza, naendelea.

Binti_Nyalenda
Spana mfukoni kama kalamu! Omera, kwenye mteremko wa Riat utaitumia vipi, utainama ukiendesha?

Fundi_Bondeni
Kazi yako ya kalipa ni safi, nakupongeza kwa kutoa pistoni kwa leva na kwa kutotumia bisibisi kwenye mfereji. Lakini hujanijibu kuhusu mafuta.

Kijana_Kiboswa
Ni mafuta mapya. Chupa ilikuwa haijafunguliwa.

Fundi_Bondeni
Chupa imeandikwa nini?

Mwalimu_wa_Mbale
Tunasubiri.

Kijana_Kiboswa
Imeandikwa ATF. Lakini msinirukie. Ilikuwa usiku, maduka yamefungwa, na mafuta haya yanatumika kwenye usukani wa gari na giaboksi ya otomatiki, nako kuna presha kubwa. Hayachemki haraka. Ni mazito, yanalainisha, hayaharibu rangi ya tangi. Leva ilikuwa ngumu kuliko wakati wowote tangu ninunue pikipiki hii. Kama yangekuwa mabaya, breki isingeshika. Yangu inashika, tena kupita kiasi.

Fundi_Bondeni
Sasa tumefika. Nisome polepole kwa sababu hapa ndipo penye ugonjwa wako wote.

Raba za breki za pikipiki zimetengenezwa ziishi ndani ya mafuta ya breki ya glikoli, yaani DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1. Raba hiyo haipatani na mafuta ya petroli ya aina yoyote: ATF, mafuta ya injini, dizeli, grisi ya bearing, hata petroli ya kuoshea. Ikiyanywa inavimba na kulainika. Haivimbi saa hiyo hiyo, ndiyo maana jioni ulifurahi na kesho yake ukalia.

Sasa angalia kinachotokea. Raba ya ndani ya kalipa haizuii mafuta peke yake. Ukibana leva, pistoni inatoka na raba inapinda nayo kidogo. Ukiachia, raba inajinyoosha na kuivuta pistoni nyuma, unywele tu, ndipo pedi inaachana na diski. Hakuna springi inayorudisha pistoni pale, ni raba hiyo. Ikivimba inaibana pistoni na haivuti tena.

Kule juu ni vibaya zaidi. Ndani ya masta silinda, yaani pampu ya breki iliyo pale kwenye leva, kuna kitundu kidogo sana chini ya kile kitangi cha mafuta ya breki. Ukiachia leva, mafuta yanarudi tangini kupitia hapo. Raba ya masta silinda ikivimba inaziba kitundu hicho. Mafuta yakipata joto yanatanuka, hayana pa kurudi, yanasukuma pistoni. Pedi inasugua, joto linaongezeka, mafuta yanatanuka zaidi. Hivyo ndivyo breki inavyojibana bila mkono wako. Na ni gurudumu la mbele. Likifunga ukiwa kwenye mwendo, hupati nafasi ya kutoa spana.

Tena kila ukilegeza nipo barabarani unapunguza mafuta, na hewa inapata njia. Utaanza na breki inayojishika umalizie na breki isiyokuwepo.

Kijana_Kiboswa
Nimeelewa, fundi. Lakini Jumatatu nampeleka mama kliniki pale Russia, hospitali ya rufaa ya Kisumu, saa mbili tuwe kwenye foleni. Yeye hapendi matatu, anatapika. Nitashuka kutoka Kiboswa na gia ya pili, breki ya nyuma ni ya ngoma na ni nzima, ya mbele sitaigusa kabisa. Baada ya hapo nitabadilisha mafuta niweke DOT 4. Nilichotaka kujua ni kama nikiyamwaga na kuweka mapya, hizo raba zitarudi saizi yake.

Fundi_Bondeni
Hazirudi. Na kutoigusa hakusaidii, maana inajishika hata usipoigusa.

Dereva_wa_Salgaa
Unaona? Mimi nilisema gia, sikusema umbebe mama. Mteremko wa Riat hadi Mamboleo, watu wawili juu, uzito wote unaelemea mbele. Breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa. Hiyo ngoma ya nyuma ukiikalia njia nzima itachemka nayo.

Mpelelezi_Milimani
Samahanini, lakini mimi siamini hadithi hii.

Someni tena kutoka juu. Mtu anajua kutoa pistoni kwa leva. Anajua mfereji husafishwa kwa kijiti cha mbao. Ana grisi ya silikoni nyumbani, Kiboswa, usiku! Halafu mtu huyo huyo hajui kwamba breki inawekwa mafuta ya breki, jambo lililoandikwa kwenye kifuniko cha tangi lenyewe la mafuta ya breki? Na ATF ni nyekundu kama juisi. Tangi hilo kwenye Pulsar lina kidirisha cha kuonea. Alipotoa hewa hakuona rangi?

Mama kliniki Jumatatu. Kila uzi wa aina hii una mama mgonjwa. Na angalieni nani aliingia mapema kueleza raba mbili mbili: muuza spea. Naona tangazo la biashara hapa. Kesho kijana ataambiwa "njoo Kibuye" na wote tutapewa namba ya simu.

Mama_Spea_Kibuye
Kijana, mimi nina umri wa kukuzaa. Sijatoa namba, sijataja duka, sijasema bei. Nimesema mtu aje na raba ya zamani, na hata akienda duka la jirani yangu akafanye hivyo hivyo. Utaniomba radhi.

Binti_Nyalenda
Mpelelezi ana hoja kuhusu rangi lakini. Hata mimi nilijiuliza.

Mwalimu_wa_Mbale
Kama ni uongo, basi tumepotezewa wakati. Kama ni kweli, kijana hafai kupewa ufunguo wa pikipiki. Mwenye uzi ajieleze.

Kijana_Kiboswa
Sijatunga kitu. Grisi ya silikoni ilikuwa ndani ya pakiti ya raba, kijipakiti kidogo. Kusafisha nilijifunza kwa kuangalia video, na nilifuata kila hatua hadi walipofika kwenye mafuta, bando likaisha. Rangi niliiona. Nilijua ni ATF, sikujua ina neno. Mama yangu si hadithi, na naomba mtu asimtaje tena hivyo.

Fundi_Bondeni
Tusibishane, vitu viwili vinapimika. Kijana, fungua kifuniko cha tangi la masta silinda. Chini yake kuna raba nyembamba yenye mikunjo. Itoe, kisha ujaribu kuirudisha mahali pake. Halafu chota mafuta kidogo kwa bomba la sindano, tia kwenye glasi ya maji, koroga. Mafuta ya breki yanayeyuka majini. ATF itaelea. Tuambie unachoona.

Kijana_Kiboswa
Nimefanya sasa hivi, mdogo wangu ananishikia tochi. Mafuta yanaelea juu, mekundu, nimekoroga yakagawanyika matone matone kisha yakarudi kukusanyika. Ile raba ya kifuniko imekuwa kubwa. Nikiingiza upande huu, ule unanyanyuka, imejaa mawimbi kwenye kingo. Nilipoifunga siku ile ilikaa sawa kabisa. Ukiibonyeza kwa ukucha alama inabaki.

Fundi_Bondeni
Na zilizo ndani ya kalipa na masta silinda ziko hivyo hivyo.

Mpelelezi_Milimani
Sawa. Raba iliyovimba mtu hawezi kuibuni kwa maelezo hayo. Mama Spea, nakuomba radhi. Kijana, mama apone.

Mama_Spea_Kibuye
Yamekwisha. Kijana, sikiliza: seti ya raba za kalipa, seti ya masta silinda pamoja na ile pistoni yake ndogo, raba ya kifuniko, na washa mpya za shaba za bolti ya hosi. Mafuta soma kifuniko, andika karatasini, uje nayo. Usiruhusu mtu akuuzie DOT 5 ya silikoni eti namba kubwa ndiyo bora. Hiyo haichanganywi na hizi nyingine.

Fundi_Bondeni
Kabla ya kufunga, osha kila sehemu ya chuma kwa spiriti, na upitishe spiriti kwenye kila njia hadi itoke haina wekundu. Petroli usiiguse. Kausha kabisa. Kile kitundu kidogo hakikisha kiko wazi, tumia uzi mmoja laini wa waya, usikipanue. Raba mpya zilowanishe kwa mafuta mapya ya breki kabla ya kuingiza pistoni. Pedi kama zilipata mafuta, tupa. Na kumbuka DOT 4 inakula rangi, weka kitambaa juu ya tangi la petroli, ikidondoka mwagia maji mara moja.

Kijana_Kiboswa
Nimezungumza na mama. Atapanda matatu, atakaa mbele karibu na dirisha. Raba nitafuata Kibuye Jumatatu hiyo hiyo akiwa kwenye foleni. Lakini fundi, hosi si lazima, sivyo? Ni nzima, haina ufa, na inakaa na mafuta kwa ndani tu.

Fundi_Bondeni
Kwa ndani ndiko raba iliko. Hosi pia.

Kijana_Kiboswa
Hata ikioshwa na spiriti?

Fundi_Bondeni
Hata ikioshwa. Ilishakunywa. Ikivimba ndani inakuwa nyembamba, mafuta yanaenda kwa nguvu ya leva lakini hayarudi, na utaanza uzi mwingine wa breki kujishika.

Dereva_wa_Salgaa
Ukipata hosi, niulizie Mama Spea kama ana za lori pia.