Laiki kibao, wateja hakuna: mhasibu wa kujitegemea Nairobi afanye nini?

Vitabu_Ngara
Wadau, naomba ushauri. Kazi yangu ni kuweka hesabu za biashara ndogo: kupanga risiti, kulinganisha taarifa ya till (namba ya duka ya kupokea M-Pesa) na ya benki, kufaili ritani. Ninaowalenga ni wenye maduka ya Luthuli, Nyamakima na Kirinyaga Road. Kwa miezi miwili nimeweka machapisho 40 Facebook na LinkedIn, mengi yakiwa ya aina ya "Umuhimu wa kuweka hesabu". Laiki zinafika mia, lakini waliouliza bei ni wawili tu. Pesa za matangazo sina. Nina saa sita hivi kwa wiki. Nibadilishe nini? Na nikieleza kila hatua bure, nani atanilipa?

KalamuNaTill
Ndugu, fungua majina ya waliokupa laiki. Yaelekea wengi ni wahasibu wenzako na wanafunzi wa CPA, kwa sababu hao ndio husoma habari za "umuhimu wa hesabu". Mwenye duka la spea hatafuti umuhimu. Anatafuta jibu siku mnunuzi amesimama kaunta anadai ankara ya eTIMS (mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya mapato), na yeye hajasajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) wala hajui aanzie wapi.

Andika ukurasa wa tovuti wa swali hilo moja. Kichwa kiwe maneno yake, si yako: "Duka halina VAT, je, linahitaji eTIMS?" Jibu likae mistari miwili ya kwanza: ndiyo, kwa kawaida linahitaji, na mwenye duka anaweza kutoa ankara bila kununua mashine yoyote, hata kwa simu ya mulika mwizi, kupitia *222#. Kisha eleza kwa nini mnunuzi wake anakazana: tangu 1 Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi kupunguza kodi ya biashara, isipokuwa chache kama mishahara na bidhaa zilizoagizwa kutoka nje. Mwenye duka akielewa hapo, ataona kwamba anapoteza wanunuzi wa jumla. Hilo ndilo litakalomfanya akupigie.

Kurasa sita za namna hiyo, moja kwa wiki, zinatosha kabisa kwa saa zako. Kila ukurasa ukate vipande vitatu vya Facebook na kimoja cha Status ya WhatsApp. Hayo mengine 40 yaache yalale.

Kuhusu kutoa siri: eleza kila hatua, usifiche hata moja. Anayeweza kujifanyia hangekulipa hata hivyo. Anayekulipa ni yule aliyeona hatua zote, akakumbuka kwamba duka linafungwa saa mbili usiku, na kazi hiyo inarudi kila mwezi.

Tarehe20
Naongezea wakati, maana hapo ndipo wengi hukosea. PAYE (kodi ya mishahara), NSSF (akiba ya uzeeni) na SHIF (bima ya afya) ni tarehe 9. VAT na TOT (kodi ya mauzo ya biashara ndogo) ni tarehe 20. Ritani ya mwaka ya mtu binafsi ni 30 Juni. Kipande cha PAYE ukikiweka tarehe 8 umechelewa, kwa sababu mwenye shida siku hiyo anatafuta mtu wa cyber amsukumie, hatafuti mhasibu wa kudumu. Kiweke kati ya tarehe 1 na 4. Cha VAT, kati ya 10 na 14.

Ukurasa wa kutafutwa Google ni tofauti, huchukua wiki au hata miezi kupanda kwenye matokeo. Wa ritani ya Juni uwe hewani Machi.

Na usiandike "adhabu kali". Andika kiasi. Mtu binafsi akichelewesha ritani ya mwaka ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi, kubwa kati ya hizo. VAT ni shilingi 10,000 au asilimia 5, vilevile kubwa kati ya hizo. Kiasi kikitajwa, mtu huhesabu mwenyewe miezi aliyoruka.

Mama_Lebo
Dada au kaka Vitabu, utajuaje ni ukurasa upi umeleta mtu? Weka kiungo cha WhatsApp chenye ujumbe ulioandikwa tayari, tofauti kwa kila ukurasa. Kinaanza wa.me/254, kisha namba yako bila sifuri ya mbele wala alama ya kujumlisha, halafu ?text=Nimesoma%20kuhusu%20eTIMS. Hiyo %20 ndiyo nafasi kati ya maneno. Ukiacha nafasi ya kawaida, kiungo kinaweza kukatika katikati. Mtu akibonyeza, ujumbe unakuja ukitaja ukurasa wenyewe. Ndani ya WhatsApp Business tumia lebo tatu: ameuliza, ametumiwa bei, amelipa. Kila Ijumaa hesabu lebo, laiki usizihesabu.

Ukituma ujumbe wa pamoja, mwisho ni watu 256 kwa orodha, na haumfikii ambaye hajahifadhi namba yako. Kwa hiyo jibu lako la kwanza kwa kila mtu liwe na ombi la kuihifadhi.

Siri_za_Wateja
Tahadhari moja, tafadhali. Picha za skrini za iTax (tovuti ya kodi ya KRA) au taarifa ya till zina PIN ya kodi, majina na namba za simu za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazilinda. Usizifute kwa ile kalamu ya kuangazia ya simu: rangi yake hupitisha mwanga, na mtu akiongeza mng'ao namba zinasomeka. Kata sehemu hiyo kabisa, au tengeneza mfano wako wenye tarakimu za kubuni na uandike wazi kwamba ni mfano.

Vitabu_Ngara
Asanteni sana. Swali la mwisho: bei niiweke wazi kwenye ukurasa, au nisubiri waulize?

KalamuNaTill
Iweke, lakini usianze na bei ya mwezi. Mtu asiyekujua hakukabidhi vitabu vyake vyote. Chini ya kila ukurasa weka kazi moja ndogo yenye bei na mwisho wake: kukagua miezi mitatu ya taarifa ya till dhidi ya ankara za eTIMS, ripoti ya ukurasa mmoja, siku tatu, malipo kabla. Ripoti ionyeshe mauzo yaliyoingia kwenye till bila ankara, mwezi kwa mwezi.

Bei ya mwezi ipange kwa idadi ya miamala ya mwezi huo: hadi 150, hadi 400, na zaidi ya hapo mzungumze. Ukipanga kwa ukubwa wa duka utaumia. Kuna vibanda vya Luthuli vya futi sita vinavyopokea miamala mia kwa siku.