Mama ana moyo mpana na usiku halali. Mafuta ya lavenda yanamfaa?

BintiMwaloni, Igogo

Mwangaluka wana jamvi. Naomba msaada, na tafadhali anijibu mwenye kulijua jambo hili kweli, maana sitaki kumfanyia mama majaribio.

Mama yangu ana miaka 63. Ameuza dagaa Mwaloni Kirumba maisha yake yote, mpaka mwaka juzi miguu ilipoanza kuvimba na pumzi kumkatikia kwenye mawe ya kupandia nyumbani kwetu. Akapimwa, tukaambiwa moyo umepanuka na hausukumi damu inavyotakiwa. Anatumia Lasix (ile ya kutoa maji mwilini kwa mkojo) asubuhi na jioni, dawa ya kutuliza mapigo, na vidonge vingine viwili. Mchana siku hizi hana neno. Anachambua mboga, anapokea wageni, anauliza bei ya dagaa kila siku kama bado yuko sokoni. Tatizo ni usiku.

Analala saa tatu. Ikifika saa sita yuko macho, ameketi ukingoni mwa kitanda, mkono mmoja umeshika chandarua. Tunalala chumba kimoja kwa hiyo namwona. Nikimuuliza ananijibu, "Nimeshalala mimi, lala wewe." Asubuhi macho mekundu. Juzi alimimina maziwa ya chai kwenye sufuria la dagaa, akabaki amelikodolea macho sufuria. Nililia jikoni.

Dada mmoja wa duka la vipodozi mjini kaniuzia kichupa cha mafuta ya lavenda, shilingi elfu kumi na nane. Kasema nimtilie matone matano kwenye chai ya jioni, mgonjwa wa moyo atalala fofofo. Jirani yeye anasisitiza nimfukizie udi. Chumba kina dirisha moja na tunalifunga kwa sababu ya mbu. Kichupa kiko juu ya kabati. Mama amekinusa mara moja tu, akatabasamu. Nimpe?

Chetezo

Dada, sisi wa pwani tumekuzwa na udi na ubani. Bibi yangu alikuwa hapati usingizi mpaka chetezo kipite chumbani. Weka makaa machache, ubani kidogo, funga mlango nusu saa. Vilua na asumini chini ya mto pia vinatuliza sana. Mimi nisingehangaika na vya chupa.

Muuguzi wa Nyegezi

Mdogo wangu, kwanza kabisa usimnyweshe. Hata tone moja. Kile kichupa ni maua mengi sana yaliyopitishwa mvuke yakabaki mafuta kidogo, ni makali, na aliyekuuzia hajui mama anameza dawa gani.

Nimekaa wodi ya wagonjwa wa moyo miaka kumi na moja, na kuna sentensi yako moja iliyonifanya nirudi kusoma upya: *ameketi ukingoni mwa kitanda*. Mtu anayekoseshwa usingizi na mawazo mara nyingi hugeukageuka akiwa amelala. Anayeinuka na kuketi, tena ana moyo mpana, mara nyingi anatafuta hewa. Mchana maji hutuama miguuni. Akilala, yanarudi kifuani, moyo uliochoka haumudu kuyasukuma, mapafu yanaloa. Analala saa mbili tatu kisha anashtuka kama mtu aliyezama, akiketi anapata nafuu. Na wazazi wetu hawasemi, hawataki kutusumbua. Harufu, iwe nzuri namna gani, haitoi maji kwenye mapafu.

Kwa hiyo leo usiku usimuulize kama amelala. Muulize analalia mito mingapi, na mwaka jana alikuwa analalia mingapi. Akilala chali anakohoa? Anaamka kukojoa mara ngapi? Wewe mwenyewe sikiliza kama anakoroma, kisha pumzi inasimama kidogo, kisha anavuta kwa nguvu. Hilo nalo ni ugonjwa wa usingizi unaowapata sana watu wa moyo, na lina matibabu yake.

Halafu hiyo Lasix ya jioni, anaimeza saa ngapi? Ikimezwa inafanya kazi kwa takriban saa sita. Akiimeza saa kumi na mbili, unamtuma chooni mpaka usiku wa manane. Wengi huambiwa wameze ya pili saa nane mchana. Usihamishe mwenyewe, wapigie kliniki yake uwaulize hilo tu, ni swali la dakika mbili.

Tafuteni mzani. Kila asubuhi, akishatoka chooni, kabla ya chai, nguo zilezile nyepesi, apande, wewe uandike. Zikiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu, hayo ni maji, mama hajanenepa. Msisubiri tarehe ya kliniki. Na usiku akianza kutweta asiweze kumaliza sentensi, au akikohoa povu lenye rangi ya waridi, ni hospitali saa hiyohiyo.

Sasa lavenda. Siidharau hata kidogo. Mwaka 2013 watafiti wa Korea Kusini walichapisha kazi waliyoifanya kwa wagonjwa 56 waliozibuliwa mishipa ya moyo na bado wako chumba cha uangalizi maalumu. Waliovutishwa harufu ya lavenda iliyochanganywa na kamomili ya Kirumi na mafuta ya maua ya mchungwa mchungu walisema wamelala vizuri zaidi, na wasiwasi wao ulipungua kuliko wenzao. Iran na Uturuki nako wamejaribu lavenda kwa wagonjwa wa moyo, na wengi walipata majibu yanayofanana. Lakini ni tafiti ndogo, za siku chache, na mgonjwa anajua fika kama ananusa kitu au hanusi. Tena wale wa Korea walikuwa na mishipa iliyoziba, hali ya mama yako ni nyingine. Ninachoamini mimi: harufu inampunguzia mtu hofu ya usiku, na hofu ikipungua usingizi unakuja kirahisi. Hicho si kitu kidogo kwa mama anayeogopa kulala.

Ukishauliza kliniki, tia matone mawili kwenye kitambaa cha pamba, weka kando ya mto, isiwe puani. Nusu saa ya mwanzo kaa naye uone kama kifua kinabana au anaanza kukohoa. Nyumbani kuna mwenye pumu? Basi acha. Ukitaka kumkanda nyayo, matone mawili kwenye kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya nazi, usimpake yalivyo, yanaunguza ngozi. Ila mguu uliovimba usiukandekande, wapo wanaodhani wanayarudisha maji.

Ndugu Chetezo, nakuheshimu, hata mimi napenda udi. Lakini makaa kwenye chumba kilichofungwa yanatoa hewa ya kaboni monoksidi, haina harufu, inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Moyo mzima unastahimili kidogo. Huu wa mama hauna akiba hiyo. Asumini chini ya mto sina ugomvi nayo.

Chetezo

Nimekuelewa dada. Sikuwa nimefikiria makaa, niliwaza harufu tu. BintiMwaloni, achana na ushauri wangu wa kufunga mlango.

Mvuvi Mstaafu, Ukerewe

Naongeza langu kwa wenye vali ya chuma moyoni kama mimi. Natumia wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Mwaka fulani nilikuwa siugui moyo bali magoti, nikawa napaka dawa ya kuchua kila usiku, ile inayonukia kali, nikasema na usingizi itanipa. Baada ya wiki mbili natoa damu kwenye fizi nikipiga mswaki, paja lina mabaka meusi. Kupimwa, damu imekuwa nyepesi kupita kiasi. Daktari akaniambia nilete kila ninachopaka na kunusa. Alilisoma lile bomba, akanionyesha neno methili salisilati, akasema hilo hupenya kwenye ngozi na kuipa wafarini nguvu nisiyoihitaji. Mimi nilijua dawa ni ile ya kumeza tu. Binti, chukua hicho kichupa uende nacho kliniki. Mpe mama shikamoo yangu.

BintiMwaloni, Igogo

Narudi baada ya siku kumi na sita. Nilitaka niwe na cha kusema.

Nilimuuliza habari ya mito. Alinyamaza, kisha akasema mitatu, na wa tatu alikuwa anakunja kanga kila usiku nikishazima taa ili nisione. Nilikaa naye kitandani hatukusema kitu muda mrefu.

Mzani tuliazima kwa jirani mwenye duka. Siku ya nne umepanda kilo mbili na nusu. Ndipo ikajulikana kwamba kila Jumapili shangazi humletea kayabo, samaki mkavu wa chumvi, na mama anaila kwa siri kwa sababu chakula changu hakina chumvi. Kayabo yenyewe imekaa kwenye chumvi siku nzima kabla ya kuanikwa! Sikumgombeza. Ameacha kula sangara na dagaa kama alivyozoea tangu utoto, namwelewa. Siku hizi namchomea sato kwa ndimu, tangawizi na pilipili hoho nyingi.

Tulienda kliniki tarehe haijafika. Wakaongeza Lasix kwa siku tano, wakahamishia ya pili saa nane mchana, wakasema atumie mito miwili. Daktari akanusa kichupa, akasema kitambaa ruksa, chai hapana.

Lavenda nimeanza kuitumia juma hili tu, kwa hiyo sitamdanganya mtu kwamba ndiyo iliyomponya. Uzito ulishashuka kabla. Ila saa tatu mama mwenyewe ananiambia, "Lete kitambaa changu." Anakikunja mara nne, anakiweka upande wa ukutani, anavuta pumzi ndefu mbili tatu huku kafumba macho. Zamani saa hiyo alikuwa anaanza kuiogopa taa kuzimwa. Jana aliamka mara moja, saa tisa, akaenda uani, akarudi, akalala. Mimi ndiye niliyekuwa macho, namsikiliza anavyopumua.

Wabeja sana nyote. Dada Muuguzi, matone yale niongeze kila usiku au hata kitambaa cha jana kinatosha? Bado kinanukia.

Muuguzi wa Nyegezi

Kama bado kinanukia, usiongeze. Kifue Jumamosi uanze upya. Na mzani msiurudishe kwa jirani, nunueni wenu.