Miezi saba "usichaji, egesha nje", na tarehe ya matengenezo hakuna

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo acha niseme.

Gari langu ni haibridi ya kuchaji, lenye injini ya petroli na betri kubwa ya kuchomeka kwenye umeme. Barua ya kampuni ilikuja na maagizo mawili: usichaji, na uegeshe nje mbali na majengo, kwa kuwa betri inaweza kushika moto hata gari likiwa limezimwa. Matengenezo je? "Tutakujulisha." Miezi saba sasa, kimya!

Waya wa kuchaji unaning'inia ukutani vilevile nilivyouacha, vumbi limeujaa. Juzi mvua ilinikuta na mtoto kalala kiti cha nyuma. Nikamfunika koti, nikakimbia naye kutoka kule ninakoliegesha hadi mlangoni, tukafika tumelowa wote wawili. Usiku nikisikia harufu ya kitu kinaungua, hata kama ni jirani anapika, naenda dirishani kuchungulia.

Wakala ananiambia niendelee kulitumia tu, nikifuata maelekezo hakuna shida. Maelekezo yenyewe ndiyo shida! Nililipa zaidi ili nitembelee umeme. Sasa nachoma petroli kubeba betri nzito isiyonifaa kitu.

Na msiniambie ni bahati mbaya yangu. Mwaka 2020 wenye Ford Kuga za kuchaji waliambiwa wasichaji. Mwaka 2022 ikawa zamu ya Chrysler Pacifica za 2017 na 2018. Jeep 4xe, haibridi za kuchaji za Jeep, ziliitwa zirudi kutengenezwa 2023, zikaitwa 2024, na Novemba 2025 zikaitwa tena, takriban 320,000 Marekani peke yake, zikiwemo zilizokwisha kupitishwa kwenye matengenezo ya awali. Yaani mtu amepanga foleni, amewekewa programu mpya, ameambiwa tayari, kisha anarudishwa palepale.

Ndani ya seli ya betri kuna utando mwembamba unaotenganisha pande mbili. Ukiharibika, seli inapiga shoti ndani kwa ndani, inachemka, inawasha ya jirani yake. Programu inaweza kunusa dalili mapema, lakini utando uliochanika haiwezi kuushona. Betri mbovu ibadilishwe, basi!

Kinachonitia uchungu zaidi ni walionunua mkononi. Rafiki yangu ana gari kama langu, barua ilienda kwa mwenye gari wa kwanza. Alikuwa analichaji kila usiku, chini kabisa ya chumba wanakolala watoto wake, hadi nilipomwambia. Kama umenunua kwa mtu, ingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya mtengenezaji leo hii. Ni bure.

Kesho natuma barua ya tatu. Nataka tarehe ya kubadilishiwa betri, kwa maandishi, na gari la kutumia hadi siku hiyo. Kama kuna aliyewahi kupewa, anieleze alidai vipi na alimwandikia nani.