Naomba ushauri: jina linalofanana na langu limesajiliwa klasi nyingine

Habari zenu wakuu, naombeni msaada kwa anayejua mambo ya alama za biashara. Natengeneza sabuni na mafuta ya mwili, jina la biashara nimeshasajili ila nimeambiwa hilo peke yake halinilindi, mpaka nisajili na alama yenyewe. Nimepekua kwenye rejista ya alama, klasi (yaani kundi la bidhaa) ya 3 ambayo ndo ya sabuni na vipodozi iko wazi kabisa, lakini klasi ya 25 ya nguo kuna mtu ana jina linalotamkwa kama langu, yeye kaandika kwa K mimi kwa C basi, na lebo zinasubiri kuchapwa, roho inaniuma kweli kulibadili.

Je, huyo wa nguo anaweza kunipinga? Na nisajili neno tupu au neno na logo pamoja, kipi kinalinda zaidi?